Ngumi ya tatu haikuwa na mtu: uchambuzi wa pambano moja la Mtwara

Konde lililomwangusha kijana wetu lilitoka kwa mtu aliyekuwa anarudi nyuma. Naanza na hilo kwa sababu wengi walitoka ukumbini wakisema "kaingia kichwa kichwa, kapigwa". Hakuingia kichwa kichwa. Aliingia kwa utaratibu ule ule aliofundishwa, moja, mbili, tatu, kila ngumi kwa zamu yake, na mwenzake akaenda kumsubiri mwishoni mwa utaratibu.

Lilikuwa pambano la ngumi za ridhaa, uzito wa kilo 60, raundi 3 za dakika 3 na mapumziko ya dakika 1, hapa Mtwara mjini. Kijana wetu anakaa Chikongola, nami nitamwita hivyo hivyo, wa Chikongola. Msimu wa korosho ukifika anabeba magunia maghalani, jioni yuko jimu. Mpinzani alikuja na basi la asubuhi kutoka Lindi, yeye na kocha wake na dogo mmoja wa kushika ndoo na taulo. Wote wawili husimama mguu wa kushoto mbele, urefu wao unakaribiana, na hakuna aliyekuwa na jina la kumtisha mwenzake. Kwa mchambuzi hiyo ni bahati, maana kilichotokea hakiwezi kusingiziwa mkono mrefu wala mtu wa mashoto. Video ya simu ilipigwa kutoka upande wa meza ya majaji. Inatikisika, lakini miguu inaonekana, na miguu ndiyo niliyokuwa naitaka.

Kwa asiye wa ngumi, niweke msamiati sawa. Jimu nyingi huita ngumi kwa namba. Moja ni ya mkono wa mbele, imenyooka, ile ya kupimia na kusumbua. Mbili ni konde la mkono wa nyuma, nalo limenyooka, na ndilo lenye uzito. Tatu ni ya kuzungusha kwa mkono wa mbele, inakuja kwa pembeni mwa kichwa. Nne ni ya kuzungusha kwa mkono wa nyuma, tano na sita ni zile zinazotoka chini kupanda kidevuni. "Moja mbili tatu" ni kati ya kombinesheni, yaani mifululizo ya ngumi iliyopangwa, za mwanzo kabisa anazofundishwa bondia, na sababu iko mwilini. Ukirusha kulia, nyonga inageuka kuelekea kushoto na bega la kushoto linavutwa nyuma. Kiuno kikirudi, mkono wa kushoto unakuja karibu wenyewe. Hakuna nguvu inayopotea njiani.

Sababu ya pili iko kwa anayepigwa. Ngumi mbili zilizonyooka mfululizo zinamfanya alete glovu zote mbili mbele ya uso. Glovu zikija mbele, pembeni mwa kichwa panabaki wazi, na ya tatu inapita nje ya gadi, yaani mikono iliyoinuliwa kujikinga, na kuingia hapo. Kwa hiyo mbili za kwanza zinafanya kazi hata zisipompata mtu. Zinaita mikono ije katikati. Kombinesheni yenye akili huwa hivyo, kila ngumi inamfungulia mlango inayofuata.

Raundi ya kwanza ilikwenda kama kitabu. Wa Lindi alisimama palepale, kila akirushiwa moja mbili alipandisha glovu usoni na kuinama kidogo, na ya tatu ikatua sikioni. Ikatua tena. Mara ya tatu au ya nne alipepesuka hadi kwenye kamba na ukumbi ukasimama. Raundi ile majaji wote hawakuwa na cha kufikiria, 10 kwa 9 kwa Chikongola, yaani mshindi wa raundi 10, mwenzake 9.

Ila kuna kitu karibu na mwisho wa raundi hiyo ambacho sisi tuliokuwa pale hatukukiona kwa kelele, na kwenye video kinaonekana waziwazi. Wa Chikongola anarusha moja, anarusha mbili, na safari hii wa Lindi hapandishi glovu. Anarudisha mguu wa nyuma nusu hatua, kiwiliwili kinafuata. Ile ya tatu inapita mbele ya pua yake, haimgusi. Hajibu chochote. Anaangalia tu mkono ukipita, halafu anageuza jicho kwenye kona yake. Kengele inalia. Wakati wa mapumziko kocha wake anachuchumaa mbele yake, anaonyesha vidole vitatu, kisha anapiga hewa kwa mkono wa kulia, fupi, mara moja.

Raundi ya pili, dakika ya kwanza haijaisha, moja mbili tatu ikaja kwa mwendo ule ule. Wa Lindi akatoa nusu hatua ile ile. Sasa tazama hali ya mtu anayezungusha kushoto akakosa. Hakuna kichwa cha kuusimamisha mkono, kwa hiyo unaendelea na safari na kuvuka kifua. Mwili unageuka kuelekea kulia ukiufuata. Upande wa kushoto wa taya, ambao glovu ya kushoto ilitakiwa kuulinda, hauna kitu. Na kwa kuwa alijinyoosha ili kufikia mbali, mguu wa nyuma umevutwa mbele, miguu imekaribiana, hana pa kujishikiza. Mara ya kwanza konde la kulia la wa Lindi lilimpata kwenye paji la uso, akatikisika. Alipojibu kwa kurudia kombinesheni ile ile, la pili lilimpata tayani, akakaa chini. Refa akahesabu hadi 8.

Aliinuka vizuri, macho mazima, na akamaliza raundi. Lakini raundi ya tatu hakurusha tatu hata moja. Alibaki na moja peke yake, moja, moja, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Wa Lindi akachukua raundi kwa wingi wa ngumi na pambano kwa pointi.

Kwa hiyo kisa kina sehemu mbili, na watu wanaisahau ya pili. Aliangushwa na kombinesheni yake mwenyewe. Kisha, ilipoondolewa, akawa hana kitu kingine mkononi.

Maelezo yaliyotolewa mtaani yalikuwa matatu. La kwanza: kijana alichoka, msimu wa korosho umemla mabega. Siwezi kulikataa kabisa, mtu aliyeshinda na gunia begani haji jimu akiwa mzima. Lakini ngumi iliyokosa mwishoni mwa raundi ya kwanza, akiwa bado na pumzi zote, ilikosa kwa namna ile ile kabisa, miguu ile ile. Uchovu unaongeza tatizo lililopo, hauleti jipya linalofanana nalo kila kitu. La pili: ana taya laini. Mtu yeyote atakaa chini akipigwa upande asioulinda, miguu imebanana, shingo imegeuka. La tatu ndilo lenye uzito, na lilitoka kwa mzee mmoja aliyecheza ngumi zamani: kombinesheni za kukariri ni za pedi, zile ngao anazovaa kocha mikononi kupokea ngumi mazoezini; ulingoni mtu anatakiwa apige anachokiona.

Yule mzee hajasema hivyo kwa kubahatisha. Baada ya malalamiko ya uamuzi kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, ngumi za ridhaa ziliingia kwenye mfumo wa kompyuta, majaji wakibonyeza vitufe kila waonapo ngumi safi, na kwenye Olimpiki ulianza Barcelona 1992. Ili pointi ihesabike ilibidi majaji kadhaa wabonyeze karibu kwa wakati mmoja. Ngumi tatu za harakaharaka zilikuwa na bahati mbaya, mara nyingi zilihesabiwa kama moja, au hazikuhesabiwa. Bondia wa enzi hizo alifundishwa kupiga moja inayoonekana na kutoka. Tangu 2013 ridhaa imehamia kwenye 10 kwa 9, jaji anaangalia raundi nzima, na mfululizo safi una thamani tena. Ushauri wa mzee ulikuwa sahihi kwa kanuni alizochezea.

Hata hivyo, kupiga unachokiona kuna gharama. Mtu akiona taa ikiwaka na kutakiwa abonyeze kitufe kimoja tu, mwili unachukua kama sehemu ya tano ya sekunde kuanza kujibu. Ukimpa vitufe vingi achague, muda unaongezeka kila chaguo linapoongezeka. Mwanasaikolojia William Edmund Hick aliionyesha hesabu hiyo mwaka 1952. Sasa fikiria bondia anayetaka kuamua upya kabla ya kila ngumi, namba sita za kuchagua, juu au chini, kuingia au kutoka. Ataamua vizuri na kufika amechelewa. Kombinesheni ya kukariri inampa uamuzi mmoja kwa ngumi tatu. Ndiyo maana wa Lindi alipigwa raundi nzima ya kwanza na ngumi ambazo alikuwa anaziona zikija.

Tatizo la uamuzi mmoja kwa ngumi tatu ni kwamba ya tatu inatumwa kwenye taarifa ya zamani. Ulipoamua, kichwa kilikuwa hapa. Ngumi ya tatu inapofika, kichwa kimeshapata muda wa kuhama, na mpinzani aliyeshajua wimbo anahama kabla hujamaliza, kama mcheza sindimba anayeijua ngoma mpaka pale itakapobadilika. Mwendo wa kijana wetu haukubadilika hata mara moja. Pa, pa, paa. Ukifumba macho na kusikiliza video, unaweza kutaja sekunde ambayo ya tatu itatoka.

Na kulikuwa na kosa jingine la kelele. Kona yetu ilikuwa inaita namba. "Tatu! Lete tatu!" Ukumbi mzima unajua kuhesabu. Cus D'Amato, kocha aliyemlea Mike Tyson, naye alitumia namba, lakini namba zake hazikufuata mpangilio wa kawaida; ngumi ya mbele iliyonyooka, ambayo karibu kila jimu inaiita moja, kwake ilikuwa saba. Mgeni aliyesikia namba zile zikiitwa kutoka kona ya Tyson hakuambulia kitu. Sisi tulimwambia wa Lindi kwa Kiswahili fasaha ni lini aondoke.

Jimu lilipokaa kuangalia video, kocha alikuwa kwenye benchi, kijana chini sakafuni, simu imeegemezwa kwenye glovu.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Angalia miguu yako hapo, achana na uso."

Akaangalia. Akarudisha nyuma, akaangalia tena.

"Lakini mwalimu, ile ya tatu mbona kwenye pedi inalia?"

Kocha alikaa kimya kidogo. "Inalia kwa sababu naileta mwenyewe, mwanangu."

Nilienda kuangalia mazoezi ya pedi jioni iliyofuata kwa jicho hilo, na hapo ndipo kisa chote kilipofunguka. Mshika pedi mzuri ana tabia moja ambayo ndiyo inayomfanya apendwe: anaifuata ngumi. Anasogeza pedi sentimita chache kwenda mbele, inakutana na glovu, inatoa mlio safi, mpigaji anajisikia mfalme. Kwa moja na mbili haina madhara makubwa. Kwa tatu ni sumu. Mtu wa kweli aliyepigwa mbili, au aliyeikinga, amesogea nyuma. Pedi ya tatu imesogea mbele. Kila jioni, ngumi baada ya ngumi, mkono wa kijana ulikuwa unajifunza kwamba baada ya mbili mtu anakaribia. Ulingoni ikawa kinyume, na mkono ukajinyoosha kutafuta kitu ambacho mwili ulikuwa na uhakika kipo.

Kuna mengine madogo ya pale kwenye pedi. Mshika pedi amesimama mraba, miguu sambamba, hatishii chochote. Baada ya tatu wote wawili wanashusha mikono, wanapumua, wanaanza tena. Hiyo sekunde ya kupumua nayo inafundishika. Kijana alikuwa amekariri ngumi tatu na pumziko, na konde la wa Lindi liliingia ndani ya pumziko. Sina ugomvi na pedi, jimu lisilo na pedi linachosha, lakini pedi ikiwa ndiye mpinzani pekee unayezoeana naye, unazoea mtu asiyekuwepo duniani.

Wapigaji wa ngumi na mateke wa Uholanzi, kizazi cha Ramon Dekkers na Ernesto Hoost, walijulikana kwa kombinesheni ndefu za kukariri zinazomalizika kwa teke la paja, na hakuna aliyewahi kusema Waholanzi hawajui kupigana. Tofauti ni wanavyozifundisha. Sehemu kubwa ya zoezi inafanywa na mwenzako aliyevaa glovu na kinga za ugoko. Unampigia kombinesheni yako, yeye anaikinga kwa mikono na miguu halisi, na papo hapo anakurudishia yake. Ngumi ya mwisho kwao haina pumziko nyuma yake, ina mtu anayejibu. Karate nayo ina njia yake: kata, yaani mfuatano wa miondoko uliopangwa, inakaririwa mtu akiwa peke yake, kisha kuna mazoezi ya wawili yenye mashambulizi yaliyopangwa, kisha ndiyo kumite ya huru, yaani kupigana bila kupangiwa. Jimu letu lina kijana aliyetoka karate ya pointi, na yeye ana shida ya upande wa pili. Kwao refa akiona pointi anasimamisha mchezo, kwa hiyo akigusa tu anatulia, kama kengele imelia. Kila kanuni inamwachia mtu mazoea yake.

Marekebisho ya kocha yalianzia mbali na ulingo, ufukweni Shangani maji yakiwa yamekupwa. Mchanga uliolowa ni mwalimu mkali kuliko kioo. Kijana alirusha moja mbili tatu akiingia, kisha akaambiwa asimame palepale na kutazama alama. Mguu wa mbele ulikuwa umechimba kisigino. Mguu wa nyuma ulikuwa umeburuzwa, mfereji mrefu kwenye mchanga, ukaishia karibu na kisigino cha mwenzake. Hakuhitaji kuambiwa neno. Alifuta kwa unyayo, akarudia, safari hii akiutanguliza mguu wa mbele pamoja na ya tatu, na nafasi kati ya miguu ikabaki ile ile aliyoanza nayo. Watoto waliokuwa wanaokota kombe walisimama kumwangalia mtu anayepiga hewa halafu anainama kusoma nyayo zake.

Kisha ikaja hoja yenyewe: afanye nini akiona mtu karudi? Hapa kocha na mimi tulibishana, na nadhani jibu lake lilikuwa zuri kuliko nililokuwa nalo kichwani. Ungeweza kumpa kijana matawi mengi. Akirudi fanya hivi, akikaza gadi piga ini, akiinama leta tano, akijibu toka. Yote ni kweli, na yote kwa pamoja yanamrudisha kwenye hesabu ya Hick, vitufe vingi na mkono uliochelewa. Kocha alimpa mawili tu. Mkono wa kushoto utatoka baada ya mbili kwa vyovyote vile. Mtu akiwepo, unazunguka. Mtu akirudi, unanyooka, na mguu wa mbele unaingia nao. Nyonga ni ile ile, bega ni lile lile, kinachobadilika ni njia ya kiwiko tu, na hicho kinaweza kuamuliwa wakati mbili bado inarudi gadini. Kwa hiyo kombinesheni haikutupwa. Iliwekewa njia panda sehemu moja.

Kwenye pedi kocha akabadili ushikaji. Akaacha kuifuata ngumi. Mara nyingine baada ya mbili alibaki, mara nyingine alirudi hatua nzima bila kusema, pedi ya kushoto ikageuzwa kupokea ya kunyooka. Siku za mwanzo kijana alizungusha hewani mpaka akacheka mwenyewe. Wakati mwingine kocha alishusha pedi zote mbili kabisa baada ya mbili, maana yake usipige chochote, toka. Hilo ndilo lililomshinda kwa muda mrefu zaidi. Mkono ulishaondoka.

Kusimamisha mkono uliokwishaondoka ni ufundi wa daraja la juu, na mfano wake uko kwenye pambano ambalo karibu kila jimu la Afrika lina picha yake. Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, raundi ya 8, Muhammad Ali anamalizia mfululizo kwa kushoto iliyonyanyua kichwa cha George Foreman na kulia iliyonyooka iliyomwangusha. Foreman anazunguka akianguka, na mkono wa kulia wa Ali uko tayari umevutwa, kichwa kipo wazi mbele yake. Hakuutuma. Mtu wa kombinesheni ya kukariri tu angeutuma, kwa sababu wimbo ungekuwa haujaisha. Ali alikuwa anaona mpaka dakika ile.

Zoezi la tatu lilikuwa sparingi ya masharti, yaani kupigana kwa mazoezi chini ya mipaka. Kijana aliruhusiwa moja mbili na mkono wa kushoto, basi. Mwenzake aliruhusiwa kurudi nyuma na kujibu kulia, yaani acheze wa Lindi. Hapa palikuwa na aibu za kutosha. Pua ilivuja zaidi ya mara moja, na kuna jioni aliondoka bila kuaga. Lakini ilikuwa lazima tatizo lije akiwa ndani ya jimu, mwendo wa nusu nguvu, mahali ambapo kukosea kunaishia kwenye taulo.

Kona nayo ilibadili lugha. Namba zikaondolewa. Kimakonde kilipendekezwa, kikakataliwa kwa vicheko, maana ukiita kwa Kimakonde kuanzia hapa mpaka Lindi nusu ya ukumbi itageuka. Wakachagua majina ya miji. Mikindani ni moja mbili na kuzungusha, kwa sababu ni karibu. Masasi ni moja mbili na kunyoosha, kwa sababu ni safari. Newala ni pandisha gadi, toka.

Marudiano yalifanyika Lindi baadaye, uzito ule ule, na nilisafiri nao. Wa Lindi alianza alipoishia, akisubiri ya tatu ili atoe nusu hatua yake. Alitoa, na ngumi iliyonyooka ikamkuta nyuma huko huko, kifuani kwanza, kisha mdomoni. Kwenye video unaona alivyoshtuka. Anaangalia umbali, anaangalia miguu yake, kama mtu aliyehamishiwa mlango. Katikati ya raundi ya pili aliacha kurudi na kuanza kubaki, gadi juu, na kona yetu ikapiga kelele "Mikindani", na ile ya kuzungusha ya zamani ikaanza kutua tena sikioni kama mwanzo kabisa. Njia panda moja ilimtosha kumweka mtu asijue asimame wapi.

Kijana wetu alishinda kwa pointi, majaji 2 kwa 1, na jaji mmoja aliyempa mwingine hakuwa na wazimu. Raundi ya tatu kijana alichoka, na uchovu ulipoingia mkono ulirudi kwenye mazoea yake ya kale. Mara mbili alizungusha hewani, mguu wa nyuma ukaburuzwa kama kwenye mchanga siku ya kwanza. Wa Lindi naye alikuwa hana pumzi ya kurusha kulia. Angekuwa nayo, ningekuwa naandika uchambuzi wa namna nyingine.

Sasa kocha anataka amwongezee tawi la tatu, kushoto ya chini inayotafuta ini pale mtu anapokaza gadi juu, na ana hoja, kwa sababu wapinzani watakaoiona video ya Lindi watakuja wamekaza gadi. Mimi ningemwacha na haya mawili kwa sasa, na ningeyafanyisha mwisho wa mazoezi badala ya mwanzo, baada ya kuruka kamba na baada ya kupiga begi, miguu ikiwa imeshakuwa mizito. Bado hatujakubaliana. Msimu wa korosho unaanza Oktoba, magunia yanamsubiri, na jioni za kumpata akiwa na nguvu zitapungua kwa vyovyote vile.